Imetengenezwa Tanzania, lakini sehemu gani? Kununua zana, feni na AC za nyumbani Dar es Salaam

Joto la Dar es Salaam linapoanza kupanda kuelekea Desemba, maduka ya Kariakoo hutoa feni nje hadi mpita njia anakosa pa kukanyaga. Kwenye baadhi ya maboksi kuna bendera ya taifa, au maneno yanayosema bidhaa ni ya Tanzania. "Chukua hii bosi, ya hapahapa nyumbani," anasema muuzaji, na mnunuzi anayetaka hela yake ibaki nchini anaanza kupeleka mkono mfukoni.

Nia hiyo ni njema na naiunga mkono kwa moyo wote. Jembe au waya unaonunuliwa kwa mtengenezaji wa hapa unamlipa kijana wa Vingunguti au Ubungo, na unakuachia mtu wa kumrudia kitu kikikorofisha. Ugumu ni kwamba kifaa kimoja kina kazi nyingi ndani yake: kuna aliyeyeyusha chuma, aliyekikata, aliyesuka mota, aliyefunga skrubu, aliyepaka rangi na aliyetia kwenye boksi. Kazi hizo zinaweza kugawanywa kati ya nchi tatu. Kwa hiyo swali ninalopendekeza uende nalo dukani ni hili: kazi gani ilifanyika hapa, na je, ndiyo inayoamua kama kifaa kitadumu?

Sababu ya bidhaa nyingi kuwa nusu za hapa na nusu za nje iko forodhani. Jumuiya ya Afrika Mashariki inatoza ushuru wa pamoja kwa ngazi. Malighafi huingia kwa asilimia 0, bidhaa ambazo bado zinahitaji kazi ya kiwandani kwa 10, bidhaa iliyokamilika kwa 25, na tangu Julai 2022 lipo kundi la 35 kwa baadhi ya bidhaa ambazo ukanda wetu unajiona unaweza kuzitengeneza wenyewe. Mfanyabiashara anayeleta kifaa kizima anakutana na ngazi ya juu. Anayeleta vipande na kuvifunga hapa anaweza kuangukia ngazi ya chini, na tofauti hiyo ndiyo inayolipa pango la karakana na mishahara ya vijana wanaofunga. Sera imekusudia hivyo, kwamba kazi ianzie kwenye bisibisi na ipande taratibu hadi kwenye kumimina chuma na kusuka mota.

Tena kisheria, bidhaa haihitaji kuwa ya hapa kwa asilimia zote ili ihesabiwe ya hapa. Kanuni za uasili wa bidhaa za Jumuiya za mwaka 2015 zinaruhusu, kwa bidhaa nyingi, vifaa vya nje vifikie hadi asilimia 70 ya bei ya kiwandani. Mtengenezaji anayesema bidhaa yake ni ya Afrika Mashariki huku mota imetoka China huenda anasema kweli tupu. Wewe mnunuzi ndiye unayepaswa kujua kwamba mota imetoka China.

Alama mbili zinachanganya watu kila siku. Ya kwanza ni msimbo wa mistari unaoanza na 620. Wengi wanaamini namba hizo zinathibitisha bidhaa imetengenezwa Tanzania. Hazithibitishi. Zinaonyesha kwamba kampuni iliyoweka msimbo ilisajiliwa kupitia taasisi ya misimbo ya Tanzania. Kampuni hiyo inaweza kuwa inafua chuma hapa, na inaweza pia kuwa inaagiza kontena na kubadilisha maboksi. Ya pili ni alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambayo inahusu kiwango: kwamba bidhaa ilipimwa na mtengenezaji ana leseni ya kuitumia alama hiyo. Kwa kifaa cha umeme, mimi ningeitafuta alama ya TBS kabla ya bendera yoyote, kwa sababu feni yenye waya mbovu haimchagui mzalendo. Ukiitilia shaka, namba ya leseni inaweza kuulizwa TBS wenyewe, na ofisi zao kuu ziko Ubungo.

Kwenye zana za mkono hali ni tofauti kabisa, na hapa ndipo ningependa mnunuzi wa Dar atulie. Zana ya mkono haina mota wala kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi iliyomo kwenye AC na friji. Uhai wake uko kwenye chuma na kwenye mkono wa aliyekifua, na kazi hiyo ya kufua inafanyika hapahapa mjini.

Chukua tindo, ile ambayo mafundi umeme na mafundi bomba hutumia kutindua kuta. Madukani zipo za boksi, zimepakwa rangi ya kung'aa, na nyingine zinajikunja ncha kwenye tofali la kwanza. Ukienda Gerezani, eneo lililo jirani na Kariakoo, utawakuta wahunzi wanaozifua kutokana na springi za magari makubwa. "Hii springi ya Fuso, mama. Piga tupa uone mwenyewe," atakuambia mmoja wao, naye anakukabidhi tupa bila wasiwasi. Jaribio hilo lina maana kamili. Chuma cha springi kina kaboni ya kama asilimia 0.5 hadi 0.6, kiasi kinachotosha kukifanya kigumu kikipashwa moto hadi kiwe chekundu kisha kikachovywa ghafla kwenye oili au maji. Nondo za kujengea zina kaboni ndogo, kama asilimia 0.2, na hata uzichovye mara ngapi hazipati ugumu huo. Kwa hiyo tindo ya nondo na tindo ya springi zinaweza kufanana kama mapacha mezani, lakini tupa inazitenganisha: kwenye ncha iliyokazwa vizuri tupa inateleza, kwenye nondo inang'ata na kutoa unga.

Halafu angalia kichwa cha tindo, pale panapopigwa nyundo. Hapo panatakiwa pawe laini kuliko ncha. Mhunzi anayejua kazi hukaza ncha peke yake, kisha huipasha tena kidogo mpaka rangi ya dhahabu iliyokolea itembee kuelekea zambarau, akaiacha hapo. Asipofanya hivyo chuma kinakuwa kigumu lakini kinavunjika vipande, na kichwa kilichokazwa kinaweza kurusha kipande cha chuma usoni mwa fundi. Muulize: "Umekaza wapi?" Anayejibu "ncha tu" anajua anachokiuza. Na ukiwa nayo nyumbani usiinoe kwa grenda hadi igeuke bluu. Rangi ya bluu kwenye ncha maana yake umeufuta ugumu aliouweka yeye kwa dakika zote zile.

Kanuni hiyohiyo inafanya kazi kwa mapanga, sururu na mashoka. Kwa majembe na mapanga nchi hii ina historia ya kiwandani pia. UFI, kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China, kilikuwa jina la nyumbani kwa wakulima wengi kabla soko halijafunguliwa kwa bidhaa za nje katika miaka ya 1980. Kwa chepe na toroli, tazama unene wa bati na mahali palipochomelewa. Toroli la Dar hufa kwenye miguu na kwenye kikombe cha gurudumu, kwa hiyo igeuze juu chini kabla hujalipa. Mchomeleo uliokaa vizuri unafuata kiungo chote bila mapengo. Uliowekwa kwa vidonge viwili vitatu utaachia ukibeba mchanga wenye maji. Mpini wa nyundo au shoka uwe wa mti uliokauka, na mistari ya mti iende sambamba na urefu wa mpini. Mistari ikikatiza kwa mshazari, mpini utapasuka hapo.

Nikiwa kwenye zana, neno moja kuhusu SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo lililoanzishwa mwaka 1973. Eneo lake la Vingunguti lina karakana za watu wanaotengeneza mashine ndogondogo na vifaa vya chuma kwa kuagizwa. Faida kubwa ya kununua huko ni kwamba unaongea na aliyeshika nyundo. Unaweza kusema ngazi yako iwe ndefu kidogo, au chuma kiongezwe unene, na ikilegea unarudi mlango uleule.

Grenda, drili na mashine nyingine za umeme za mkononi zinatoka nje. Hapo usitafute uzalendo. Tafuta duka linalouza kaboni zake (vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota inayozunguka) na swichi, maana hivyo ndivyo vinavyokwisha mwanzo.

Kitu kimoja cha nyumbani ambacho Watanzania hawakipi heshima yake ni waya wa umeme. Viwanda vya nyaya vipo Dar es Salaam, na waya wa shaba unaotengenezwa hapa kwa kiwango cha TBS ni bidhaa ya kujivunia. Balaa liko kwenye waya wa bei ya kutupa, ambao ndani yake ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Aluminiamu inapitisha umeme vibaya zaidi kuliko shaba, kwa hiyo waya wa unene uleule unapata moto zaidi, na viungo vyake hulegea. Mwombe muuzaji akukatie kipande, kisha kikwangue kwa kisu. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Ya kupakwa inatoa weupe. Taa zinatosheka na waya wa milimita 1.5 za mraba, soketi 2.5, na AC kwa kawaida huwekewa laini yake ya 4 kutoka kwenye kikasha cha umeme. Ninasisitiza hapa kwa sababu watu huhangaika wiki nzima kuchagua AC halafu wakamwachia fundi anunue "waya wowote".

Sasa tuingie kwenye kupooza nyumba.

Feni haishushi joto la chumba. Inapeperusha jasho kwenye ngozi yako, na jasho likikauka wewe unapoa. Chumba kikibaki hakina mtu, feni inapoteza umeme bure. Feni nyingi zinazouzwa kama za nyumbani zimefungwa hapa kutokana na vipande vya nje, na kazi ya kufunga haiamui sana uhai wake. Kinachoamua ni mota: kama imesukwa kwa waya wa shaba, na kama ekseli imekaa kwenye bearingi nzuri. Shaba ni nzito, hivyo ukishika feni mbili za ukubwa mmoja na moja ikawa nyepesi ajabu, uliza kwa nini. Uzuri wa panga boi la kawaida ni kwamba Dar imejaa mafundi wanaolielewa. Likianza kuzunguka kivivu, mara nyingi ni kapasita, kidude cha maikrofaradi 2 au 3 kinachobadilishwa kwa hela ya mandazi. Mota ikiungua inasukwa upya. Feni mpya za mota ya BLDC, inayoendeshwa na bodi ya kielektroniki, zinatumia kama wati 30 badala ya 70, na kwa nyumba inayowasha usiku kucha zinajilipa, ila uliza kwanza kama bodi hiyo inapatikana, maana hiyo haisukwi upya Gerezani.

Kuna kifaa kinachouzwa sana mjini kama mbadala wa AC: feni kubwa yenye tangi la maji, yenye pedi zinazolowa. Watu wanakiita eyakula. Kwa Dar es Salaam sikipendekezi, na sababu yake ni ya kifizikia. Kifaa hicho kinapooza hewa kwa kuvukiza maji, na maji huvukiza vizuri pale tu hewa ikiwa kavu. Chukulia mchana wa Februari wenye nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 65. Hata kama maji yangevukiza hadi hewa ishibe kabisa, joto lisingeshuka chini ya kama nyuzi 26 na nusu, na mashine ya kawaida haifiki huko. Itakupa nyuzi 28 hivi, pamoja na hewa nzito yenye maji ambayo inazuia jasho lako lisikauke. Ukifunga madirisha unyevu unarundikana na hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Peleka kifaa hichohicho Dodoma wakati wa kiangazi, hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 35, na kitakufanyia kazi nzuri. Mtungi wa udongo nao unapooza maji kwa njia hiyohiyo ya kuvukiza, na ndiyo maana maji ya mtungini huwa baridi zaidi bara kuliko pwani.

AC ndiyo inayoshusha joto na kukamua unyevu, na ndiyo inayokula umeme. Kompresa zake hazitengenezwi nchini. Hata hivyo AC ya ukutani inafika kwako ikiwa haijakamilika: kipande cha ndani, kipande cha nje, na mabomba ya shaba ambayo fundi atayakata na kuyaunga nyumbani kwako. Kwa maana hiyo AC inamalizikia kutengenezwa ukutani kwako, na sehemu hiyo ya kazi ni ya Tanzania kwa asilimia 100. Nimeona AC za majina makubwa zikifa mapema kwa sababu ya ufungaji, na za majina madogo zikidumu. Basi hela unayoibania kwenye ufundi unaipoteza kwenye mashine.

Fundi mzuri anatambulika kwa mambo utakayoyaona kwa macho. Anakuja na pampu ya kunyonya hewa, anaifunga kwenye mabomba na kuiacha ifanye kazi kabla ya kufungulia gesi. Asiye nayo "anasafisha" mabomba kwa kuruhusu gesi kidogo itoke, na hapo unyevu wa pwani unabaki ndani, unachanganyika na oili ya kompresa na kuila taratibu. Muulize pia chuma cha kuning'inizia kipande cha nje. Wengi huchomelea engo mtaani, na ni kazi nzuri ya hapa nyumbani, lakini Msasani, Kunduchi na Kigamboni hewa ya chumvi inakila chuma kisichopakwa redioksidi na rangi kwa uangalifu, hasa kwenye mchomeleo na matundu ya bolti. Lipia cha kuzamishwa kwenye zinki kama kinapatikana.

Ukubwa nao unakosewa kila siku. Chumba cha mita 3 kwa 4 chenye dari kinatosheka na AC ya BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupooza). Kikiwa moja kwa moja chini ya bati, au kikipigwa na jua la jioni, chukua 12,000. Kubwa kupita kiasi ni hasara mara mbili kwenye mji wa unyevu kama huu, maana inashusha joto haraka, inazima kabla haijakamua maji hewani, na unalala kwenye ubaridi wenye unyevunyevu.

Kuhusu umeme, piga hesabu kabla. AC ya BTU 12,000 isiyo ya inveta inavuta kama kilowati 1.1 kompresa ikiwa inafanya kazi. Usiku wa saa 8, ikiwaka na kuzima, inaweza kula uniti 6. Mteja wa kawaida wa TANESCO analipa shilingi 292 kwa uniti, ambazo kodi na tozo zinazipandisha hadi kama 356. Usiku mmoja ni zaidi ya shilingi 2,000. Panga boi la wati 70 kwa saa 10 halifiki 300. Na kama nyumba yako iko kwenye kundi la uniti 75 kwa mwezi, lile la shilingi 100 kwa uniti, AC hiyo peke yake itakutoa huko kabla mwezi haujafika nusu. Inveta inapunguza mlo huo kwa kiasi kikubwa, kwa sababu kompresa inapunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka.

Gesi isomwe kwenye kibandiko. AC ya zamani yenye R22 iache hata kama bei inavutia: chini ya Itifaki ya Montreal nchi zinazoendelea zinapaswa kuachana na gesi hiyo kufikia 2030, na kila mwaka kuijaza kutazidi kuwa kazi ngumu. R32 imeshika soko la mashine mpya.

Kwa friji nitasema machache. Ile ya mtumba iangaliwe volti, maana kuna zinazokuja za volti 110 wakati sisi tunatumia 230. Friji nyingi mpya zina R600a, gesi inayoshika moto, na fundi asiijaze gesi nyingine kwa sababu tu ndiyo aliyonayo kwenye mtungi. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, kompresa inalazimishwa kuanza huku shinikizo ndani halijatulia, na umeme ukiwa mdogo jioni, kompresa inavuta mkondo mkubwa na kuchemka. Kilinda friji kinachokata umeme ukiwa mdogo na kuchelewesha kuurudisha kwa dakika kadhaa kinazuia yote mawili kwa bei ndogo sana ukilinganisha na kompresa.

Waranti ni jambo la mwisho, na kwa bidhaa iliyounganishwa hapa ndiyo inayokuambia kama muunganishaji anaiamini kazi yake. Omba irekodiwe kwa maandishi: muda, nani anahudumia, karakana iko wapi. Piga simu ya karakana hiyo ukiwa bado dukani na uliza kama kapasita au bodi ya modeli unayonunua wanayo stoo. Dai risiti ya EFD yenye jina la kifaa, na namba ya mashine iandikwe kwenye kadi ya waranti, kwa sababu kadi tupu haimfungi mtu. Kwa mhunzi wa Gerezani hakuna kadi; chukua namba yake ya simu, na mwambie kabisa utarudi na tindo kama ncha itajikunja.